Mikia Miwili, Mkia Mmoja

Kutoka Chimala kupanda Matamba kuna kona 57, na utotoni tulizihesabu kila safari. Tulikaa nyuma ya lori juu ya magunia ya mchele wa Usangu, tukihesabu kwa sauti moja, mpaka mahali fulani kwenye thelathini na kitu mmoja wetu akapiga chafya au akaonyesha nyani mlimani, hesabu ikavurugika. Huyu alifika juu na 55, yule na 59, na ugomvi tukaingia nao nyumbani. Mwamuzi alikuwa dereva. Alishuka akinyoosha mgongo, akasema, "Hamsini na saba. Mimi nazihesabu kwa mikono, siyo kwa mdomo." Mambo yakaishia hapo mpaka safari nyingine.

Nimeanza na kona kwa sababu habari ninayotaka kukusimulia ni ya kuhesabu. Sogeza kikombe chako karibu. Ni habari ya maua ya kwetu milimani, yale ambayo mgeni akiyaona huyaita yote mayungiyungi, na sisi wenyewe tuliyaita kwa neno fupi zaidi: maua.

Kule Chimala kulikuwa na joto, vumbi na harufu ya pumba. Lori likipanda, hewa ilibadilika kidogo kidogo. Kwanza ulikuja moshi wa kuni za miwati, kisha harufu ya pareto iliyoanikwa, kavu, inayokwaruza pua, na mwisho ubaridi wenyewe, ambao kwetu una harufu ya sufu ya kondoo iliyolowa. Hapo kila mtoto alitafuta pembe ya blanketi. Ukipita Matamba na kuendelea kupanda, unatokea Kitulo, uwanda wa majani ulio kwenye mita kama 2,600 kutoka usawa wa bahari, umelala wazi, miti imejificha mabondeni. Juni na Julai, asubuhi, majani yale yalikuwa meupe kwa barafu nyembamba, ukiyakanyaga yanalia kama chumvi ya mawe chini ya kiatu. Sisi wengi hatukuwa na viatu, kwa hiyo tulisubiri jua lipande ndipo tukatoa kondoo.

Mvua zikianza Novemba, uwanda ule ulifunguka. Siku mbili tatu za manyunyu, kisha unaona nukta nyekundu hapa, manjano pale, na kufika Januari na Februari hujui uweke wapi mguu. Wazee wetu waliuita Bustani ya Mungu. Wataalamu waliokuja baadaye wakauita Serengeti ya Maua. Kwenye ramani za zamani umeandikwa jina la Elton, yule balozi mdogo wa Kiingereza aliyepita huko mwaka 1877 na kufariki mwaka huohuo akiwa bado safarini. Jina hilo sijapata kulisikia mdomoni mwa mtu wa kwetu hata mmoja.

Bibi yangu mzaa mama hakuyapanga maua kwa sura. Aliyapanga kwa kazi. Kulikuwa na ua la kupandia, ua la kondoo, ua la nyuki, na ua ambalo mtoto hagusi. Siku moja kanisani msomaji alisoma katika Wimbo Ulio Bora, nikasikia neno nyinyoro. Neno lilinikaa sikioni kama wimbo. Tulipotoka nikamshika Bibi kanga. "Bibi, nyinyoro ndiyo ua gani?" Akatembea hatua kadhaa bila kujibu, kama kawaida yake, halafu akanionyesha kwa fimbo ukingoni mwa njia. Bua moja nene lilikuwa limechomoza ardhini likiwa peke yake, na juu yake tufe jekundu la viua vidogo, vimesimama pande zote kama nywele za mtu aliyeshtuka. "Ni lile linalotangulia majani yake," akasema. "Likitokea hilo, mbegu iwe mkononi."

Sijui mfasiri wa Biblia alikuwa na ua gani akilini, lakini kwangu mimi nyinyoro imebaki kuwa ile mpaka leo. Na maneno ya Bibi, kwamba linatangulia majani yake, ndiyo maelezo ya kwanza ya kibotania niliyopewa maishani. Kwamba lina rangi nyekundu hakusema, kwa sababu mekundu yalikuwa mengi. Alitaja jambo ambalo ua la jirani yake halifanyi.

Mwaka 1972 nikiwa darasa la saba tulipata mwalimu wa sayansi aliyetoka mbali, mkoa wa joto. Alikuja na makoti mawili akayavaa yote kwa pamoja mpaka Septemba. Wazee walimwonea huruma wakampelekea viazi na maziwa, na yeye, nadhani kwa kulipa fadhila, akaamua kuijua nchi yao. Jumatatu moja ya Februari akatuambia kila mmoja aje kesho na "yungiyungi" moja. Neno lile alikuja nalo yeye. Kesho yake dawati lake lilijaa kama kaburi la mkubwa. Akanusa, akacheka, akatoa wembe mfukoni.

Wembe ule ninauona hata sasa. Ulikuwa umefungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Akachukua ua la rangi ya chungwa lililochovywa manjano, lenye mdomo mpana kama kasuku anayetaka kusema, ambalo kwetu lilijaa pembeni mwa mashamba ya viazi. Baadaye nilijua ni gladiola ya porini. Akalipasua kwa urefu, kutoka usoni hadi kwenye kikonyo, akaliweka wazi kwenye kiganja.

"Maswali ni mawili tu," akasema. "La kwanza: vijiti vyenye unga ni vingapi? La pili: kijumba cha mbegu kiko juu ya petali au chini yake?"

Vijiti vyenye unga ndizo stameni, na unga ndio chavua. Tukahesabu. Vitatu, vimejipinda pamoja chini ya petali ya juu kama watu waliokimbilia upenuni mvua ikinyesha. Kijumba cha mbegu, yaani ovari, kilikuwa chini, nyuma ya mahali petali zinapoanzia, kijani, kimevimba kama punje ya maharage machanga. "Tatu, chini," mwalimu akaandika ubaoni.

Akachukua nyinyoro ya Bibi. Akachomoa kiua kimoja kutoka kwenye lile tufe, akakipasua. Kilikuwa kidogo hivi kwamba tulibanana vichwa kuona. Vijiti sita, vyenye ncha za manjano. Ovari iko chini. "Sita, chini." Kisha akachukua ua la tatu, mwenge wa rangi ya moto unaoota penye majimaji, ule ambao watoto wote tuliujua kwa utamu wake, akachomoa mrija mmoja kati ya ile mingi. Vijiti sita. Lakini ovari ilikuwa ndani, juu ya kitako cha ua, petali zimeizunguka kama kuta zinavyozunguka meko. "Sita, juu."

Halafu akageuka akatuambia jambo lililonishangaza kuliko lolote nililosoma mwaka ule. Haya yote matatu watu huyaita mayungiyungi, na hata moja si ndugu wa karibu wa mwenzake. Lenye sita na ovari juu linalingana kwa hesabu hiyo na mayungiyungi ya Ulaya na Asia, yale ya kwenye picha za kanisani, lakini hata hilo si la ukoo uleule. Yungiyungi hasa la nasaba ile halioti porini kwetu kabisa. Nikajisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba majirani zake watatu, ambao siku zote aliwadhani mtu na nduguze, wametoka wilaya tatu tofauti.

Tangu siku ile sikuweza tena kupita ua bila kuinama. Mama alilalamika kwamba kondoo wanafika nyumbani kabla yangu. Nilitembea na mwiba wa kupasulia, maana wembe ulikuwa mali adimu. Nikagundua kwamba petali sita za maua haya kwa kweli ni tatu na tatu. Tatu za nje ndizo zilizotakiwa kuwa kijani na kulinda chipukizi, kama kwenye ua la mbaazi au la pamba, lakini zimejivika nguo za sherehe kama wenzao wa ndani. Ukitazama ua likiwa bado limefumba ndipo unaona vizuri nani yuko nje na nani yuko ndani.

Lile la mwenge nalipenda mpaka leo, tuseme ukweli, kuliko yote. Wataalamu wanaliita knifofia. Mgeni hulichanganya na mshubiri, kwa sababu yote mawili yana bua refu lenye mirija mingi inayoning'inia. Lakini shika jani. Jani la mshubiri ni nene, lina utomvu mchungu na meno ubavuni. La knifofia ni jembamba, refu, gumu kama ukindu, limekunjika katikati kama mtumbwi, na ukilivunja halikupi utomvu ule. Mirija inafunguka kuanzia chini kupanda juu, kwa hiyo mwenge mmoja huwa na rangi mbili, ya maua yaliyokwisha kufunguka na ya yale yanayosubiri zamu. Tulichomoa mirija ya katikati, iliyofunguka asubuhi ileile, tukanyonya kitako. Tone moja tu, tamu na baridi. Na kila mara chozi alikuwa amekwisha kutangulia, yule dume wa kijani kinachong'aa mwenye mkia mrefu kama sindano mbili, ameng'ang'ania bua linaloyumba, akitukemea kwa sauti kali ya juu. Ilikuwa haki yake. Sisi tulikuwa na viazi nyumbani.

Kulikuwa na ua moja lililomshinda darasani kila mtu. Zambarau, lina petali tatu kubwa zilizolala wazi, kila moja na alama ya manjano penye shingo, na jani moja refu kama mjeledi. Mwalimu alituuliza stameni ni ngapi. Hatukuona hata moja. Katikati palikuwa na kitu kama petali nyingine ndogo tatu zilizosimama. Mwalimu akatuacha tuhangaike mpaka kengele ikakaribia, ndipo akasema, "Inua ulimi." Nikakiinua kimoja kwa ncha ya mwiba. Chini yake, imebanwa kama barua chini ya mlango, ilikuwepo stameni. Vile vilivyosimama havikuwa petali. Ni shina la stigma lililogawanyika mara tatu na kujifanya petali, na kila tawi linafunika stameni yake. Tatu, ovari chini. Ni ukoo mmoja na lile la kasuku, ingawa sura zao hazijuani. Jina lake nililipata nikiwa mtu mzima: Moraea callista, na callista kwa Kigiriki ni mzuri kuliko wote. Linaota kwenye nyanda zetu za juu kusini. Aliyelipa jina hilo alikuwa na macho.

Sasa nifike kwenye mikia, ambayo ndiyo kiini cha yote.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, hakusoma zaidi ya darasa la nne. Alichunga kondoo wa watu, na uwanda aliujua kama mtu anavyojua vyombo vya jikoni kwake gizani. Siku moja nilikuwa namwonyesha ujuzi wangu wa kuhesabu stameni, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akachuma maua mawili ya waridi hafifu, mabua mawili yenye viua vingi, kila kiua kimevaa kofia. Yalifanana kama mapacha. "Haya je? Hesabu." Nikatafuta stameni. Hakuna. Nikainua ulimi, hakuna. Yeye akageuza kiua kimoja kisogo. "Mikia miwili." Akageuza kiua cha bua la pili. "Mkia mmoja."

Na kweli. Nyuma ya kofia ya la kwanza palining'inia vimirija viwili vyembamba, sambamba, kama kamba za aproni zilizofunguliwa. La pili lilikuwa na kimoja tu. Nilikuwa nimepita kati ya maua yale miaka yote nikidhani ni ua moja.

Nikayabeba yote mawili mpaka shuleni, ndani ya kopo la kimbo lenye maji. Mwalimu akayatazama kwa kioo chake cha kukuzia kwa muda mrefu, akavua koti moja. "Hizi ni okidi," akasema. Kwenye okidi, stameni na stigma zimeungana zikawa nguzo moja fupi katikati ya ua, na chavua haiwi unga, hushikamana ikawa vidonge vinavyonata kwenye mdudu. Ndiyo maana sikupata cha kuhesabu. Kisha akaniita nitazame kikonyo cha kiua cha mkia mmoja. Kilikuwa kimesokotwa, kama uzi wa kushonea viatu. Okidi nyingi, akaniambia, hujizungusha zikiwa bado hazijafunguka, nusu duara kamili, ili petali yake kubwa iwe chini, mdudu apate pa kutua. Hili la mkia mmoja limejisokota, na kofia yake ni sepali ya juu. Lile la mikia miwili halijisokoti. Kikonyo chake kimenyooka, kwa hiyo petali ile ambayo kwa wenzake iko chini, kwake imebaki juu ikawa kofia, na mikia miwili imetoka humo. Kofia zinafanana, lakini zimeshonwa kwa vitambaa tofauti.

La mikia miwili ni satiriamu, la mkia mmoja ni disa. Mwalimu aliyaandika majina hayo ubaoni na chini yake akaandika jina la binamu yangu, kwamba ndiye aliyeyatofautisha. Nilimpelekea habari hiyo malishoni. Hakusema kitu, ila jioni ile aliniletea viazi vitatu vilivyochomwa kwenye majivu, vikubwa, bila mimi kuomba. Miaka mingi baadaye niliona kwenye kitabu kwamba moja ya disa hizo inaitwa Disa ukingensis, yaani ya Ukinga. Nilitamani angekuwepo nimsomee.

Mikia ile ndiyo iliyohifadhi nekta ya satiriamu, na mdudu anayeifuata ndiye anayebeba vidonge vya chavua. Lakini ua halikuwa jambo lote. Chini ya okidi hizi kuna viazi viwili, vidogo kama korodani za mwanakondoo, ndivyo wachungaji walivyosema bila haya. Kimoja kimenyauka, ndicho kilicholisha ua la mwaka huu. Cha pili kimejaa na kung'aa, ndicho ua la mwakani. Nyumbani kwetu hatukuvila. Tulikuwa na viazi mviringo, mahindi, ngano.

Kiazi cha maua nilichofundishwa kukiogopa kilikuwa cha Chimala, kwa shangazi. Huko chini, vichakani, kuna ua linalopanda kama mkunde, petali zake zimepinduka nyuma, nyekundu pembe za manjano, kama miali ya moto wa karatasi. Gloriosa. Wazimbabwe wamelifanya ua la taifa lao. Alama yake ni jani, maana ncha ya kila jani imejinyoosha ikawa kikono kinachoshika matawi ya wenzake. Na shina la stigma yake limepinda ubavuni pembe mraba, kama mkono wa mtu anayeonyesha njia. Stameni sita, ovari juu. Shangazi alinionyesha kiazi chake, kirefu, kimepinda, mtu mwenye njaa angedhani kiazi kikuu. "Hiki kimezika watu," akasema. Ni kweli kina sumu kali, kolchisini, ambayo hospitalini kwa kipimo kidogo kabisa hutibu jongo. Ukitazama ua peke yake huwezi kuijua sumu ile. Ndiyo maana Shangazi alitufundisha kikono cha jani, ambacho kipo hata kabla ua halijatoka.

Miaka ikapita. Niliolewa Mbeya, nikafundisha, nikazeeka. Nyumbani nilikwenda Krismasi na misiba. Miaka ya 1990 nikaanza kusikia neno chikanda. Wenzetu wa Zambia wana chakula chao cha siku nyingi, viazi vya okidi vikipondwa na kuchanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, vikapikwa mpaka vikawa kitu kigumu kama keki, kinachokatwa vipande. Nimekionja Tunduma, ni kitamu, sitasema uongo. Okidi zao zilipopungua wakageukia kwetu, na barabara ya Tunduma ikaanza kubeba magunia. Mamilioni ya viazi yalivuka mpaka.

Mwaka mmoja wa namna hiyo, Machi, nilipanda uwandani peke yangu. Nikamkuta kijana ameinama, na nilifurahi kabla sijaona jembe. Alisimama kwa heshima. "Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Unachimba nini?"

"Chikanda, mama." Alikuwa mtoto wa binamu yangu. Nilimjua kwa mabega.

Nikachuchumaa karibu naye nikamtazama akifanya kazi. Hakuhitaji ua. Alijua satiriamu kwa majani yake mawili mapana yaliyolala ardhini kama sahani, alijua disa kwa majani yaliyokumbatia bua, alijua ipi ina kiazi kikubwa na ipi inapoteza muda wake. Aliweza kuzitofautisha hata kiangazi, kwenye bua lililokauka. Nilikuwa nimekaa mbele ya mtu aliyeyajua maua yale kuliko mwalimu wangu. Akachomoa mmea mmoja, akakung'uta udongo, akavunja kiazi kilichonyauka akakitupa, kile kilichojaa kikaingia kwenye kiroba. Ua lenyewe, lenye mikia yake miwili, likabaki majanini, bado linanukia. Kiazi kile alichokiweka kilikuwa mwaka ujao.

"Baba yako alinifundisha kuhesabu hii mikia," nikamwambia.

"Mimi pia alinifundisha," akajibu. Kiroba kile kilikuwa ada ya mdogo wake sekondari. Alinieleza bei ya sado moja, na nilipopiga hesabu ya viazi vinavyoingia kwenye sado nilinyamaza. Sikumlaumu wakati ule, simlaumu sasa. Lakini nilimweleza kitu ambacho baba yake hakukijua. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula ndani yake, na haioti mpaka ikutane na kuvu maalumu udongoni. Ukishaondoa viazi, usitegemee mbegu zikurudishie haraka. Akasikiliza mpaka mwisho, kama baba yake. Kisha akaendelea kuchimba, kwa sababu gari lilikuwa linaondoka saa tisa.

Mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa, na inasemwa ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Mwaka huohuo dunia ilitangaziwa kipunji, kima wa misitu ya Rungwe na Livingstone, ambaye watu wa Rungwe walikuwa na jina lake tayari. Nilishangilia yote mawili. Kondoo hawapiti tena kule tulikochungia, na njia yetu ya miguu, niliyoweza kuifuata nikiwa nimefumba macho, imefunikwa na majani. Ni sawa. Maua yanahitaji mahali. Ila wale watoto waliojifunza mikia kwa kukaa na kondoo mchana kutwa hawapo tena, na viazi mviringo vimepanda mlima mpaka karibu na mpaka wa hifadhi, na mtoto wa Matamba leo anaweza kumaliza shule bila kugusa knifofia hata moja.

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka matembezi ya shule yao huko Kitulo. Akaniletea picha kwenye simu, mia na ushee. Alikuwa ameiuliza simu majina, na simu ikampa ua moja majina matatu tofauti. Nikavaa miwani. Picha zote zilipigwa kwa juu, ua likiwa limetazama kamera, zuri, wazi kabisa, na ovari haionekani, mikia haionekani, jani halipo. "Bibi, ni lipi kati ya haya matatu?" Nikamwambia ukweli, kwamba kwa picha ile hata mimi siwezi, hata mwalimu mwenye makoti mawili asingeweza. Tukaenda kwenye bustani yangu ya nyuma, nikachuma gladiola ya dukani, nikatafuta wembe. Aliinama. Akahesabu tatu, akaitafuta ovari mwenyewe, akaipata, akanitazama.

Basi nawe, chai yako isije ikapoa, nikuombe jambo. Ukipata nafasi ya kupanda huko kati ya Desemba na Aprili, beba koti, na zihesabu kona, ni 57. Ukilipiga ua picha, lipige na ubavuni, na jani lake pia. Ukiona kofia ya waridi, zunguka nyuma yake uhesabu mikia. Kiazi kiache ardhini.